Kuongeza nguvu ya gari lenye waranti

Ndugu, kama waranti bado ina miaka miwili na unachotaka ni kuongeza nguvu kwa kuprogramu upya kompyuta ya injini kwa bei nafuu, mimi ningesubiri. Hiyo ndiyo kazi inayoacha alama. Kompyuta nyingi za siku hizi huhesabu kila zinapoandikwa upya, kwa hiyo hata ukirudisha programu ya kiwandani kabla ya sevisi, hesabu inabaki palepale. Magari ya kundi la Volkswagen yana hata msimbo wake, TD1, unaowekwa kwenye rekodi ya gari kuonyesha kwamba kompyuta imechezewa. Gari likishapigwa huo, ukidai utengenezewe injini au giaboksi bure, jiandae kubishana.

Na asikudanganye mtu kwamba ni injini tu. Tabo (turbo, pampu ya hewa ya injini) ikisukuma hewa zaidi, toki (nguvu ya kuzungusha) inapanda, na mara nyingi klachi ndiyo inayoanza kuteleza. Giaboksi moja tu ikifa, imemeza akiba yako yote.

Filta ya hewa ya spoti? Kelele nyingi, nguvu kiduchu. Kwenye injini isiyo na tabo hutaiona kabisa.

Pesa hiyo ipeleke kwenye matairi mazuri ya saizi ileile, pedi bora za breki na mafuta mapya ya breki (soma kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki iliyo kwenye gari, kama kinasema DOT 4, yaani aina ya mafuta, weka DOT 4). Gari litakata kona na kusimama kivingine, na ukipeleka tatizo la injini, hakuna atakayesingizia matairi. Risiti za sevisi usitupe hata moja.