Lazima uwe hakimu kwanza ndipo uwe jaji wa rufaa?

SWALI: Binti yangu yuko mwaka wa pili wa shahada ya sheria na shabaha yake ni kuwa jaji wa Mahakama ya Rufaa. Anafuatilia sana majaji wa rufaa wa serikali kuu ya Marekani, na anasema kule hata wakili ambaye hajawahi kuamua kesi huteuliwa. Mjomba wake anashikilia kwamba lazima aanzie uhakimu. Nani yuko sahihi? — Mama Akinyi, Kondele, Kisumu

JIBU: Mama Akinyi, binti yuko sahihi, ila asiige njia ya Marekani. Katiba yao haitaji umri, miaka ya kazi wala shahada. Rais huteua, Seneti huidhinisha, na jaji hukaa maisha yake yote mradi mwenendo wake uwe mwema. Kwetu jaji hustaafu akifika miaka 70, na kifungu cha 166 cha Katiba ya Kenya kinadai tajriba ya miaka 10: ya ujaji wa Mahakama Kuu au mahakama za hadhi yake, ama ya uwakili au usomi wa sheria uliotukuka, au fani nyingine ya sheria inayohusika. Miaka hiyo huweza kujumlishwa. Uhakimu umetajwa kwa jina kwenye sifa za Mahakama Kuu tu, kwa hiyo njia ya mjomba ni nzuri lakini ina kituo kimoja zaidi, yaani Mahakama Kuu.

Baada ya shahada kuna Kenya School of Law, mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria, miezi 6 chini ya wakili mzoefu, kisha kuapishwa.

Wengi hukwama kwenye rekodi. Tume ya Huduma za Mahakama hutangaza nafasi, huchapisha majina ya waombaji na huwahoji hadharani. Mwananchi yeyote anaweza kuiandikia kuhusu mwombaji. Huombwa vyeti vya KRA (kodi), EACC (maadili na kupambana na ufisadi), DCI (upelelezi wa jinai), HELB (mikopo ya elimu ya juu) na LSK (chama cha mawakili). Mkopo wa chuo uliosahaulika unatosha kumkwamisha mtu. Kibaya zaidi ni pesa za mteja: malipo ya shamba yakiingizwa kwenye akaunti ya matumizi ya ofisi badala ya akaunti ya wateja, lalamiko lake litamfuata wakili hadi siku ya mahojiano. Leseni ya uwakili nayo ilipiwe kila mwaka.

Jambo la pili ni kuandika, na hili aanze sasa. Majaji wa rufaa, kwa kawaida watatu, hawasikilizi mashahidi upya. Wanasoma rekodi ya kesi. Rufaa ya kwanza hupima ushahidi na sheria, ya pili hubaki kwenye sheria. Achukue hukumu ya rufaa iliyotolewa Kisumu au Nakuru, zipo bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Asome historia ya kesi na sababu za rufaa, kisha afunge ukurasa aandike uamuzi wake kwa kurasa 2. Ndipo asome wa majaji na kutafuta ni hoja gani aliiruka.