Sabufa yako sio mbovu, imefunguliwa mno

Juzi kuna mdau kanitumia meseji ndefu, anasema kanunua risiva ya 5.1 (mashine ya kuendesha spika tano na sabufa moja) na spika zake zote na sabufa ya inchi kumi, ila kila wakikaa na mkewe kuangalia muvi kazi yake ni kushika rimoti tu, watu wakiongea anapandisha, gari likilipuka anashusha mbio mbio kabla mtoto hajaamka. Swali lake: anunue amp gani ya kuongezea. Mkuu, usinunue kitu, hiyo hela kaa nayo kwanza.

Nimecheka ila pia kanigusa pabaya, maana huo ushauri wa "ongeza amp" na mimi nilishapewa. Nilichukua Denon used pale Kariakoo, ya 230V kabisa (hizi za Marekani ni 120 na za Japani ni 100, ukichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu bila transfoma umeaga nayo), nikamwita fundi anifungie. Fundi ana jina mtaani, simtaji. Alikuja akavuta waya vizuri tu, akaenda nyuma ya sabufa akazungusha volyumu mpaka mwisho, akaingia kwenye menyu akaweka spika zote Large, halafu sabufa akaiweka LFE+Main, yaani besi ile ile itoke spika za mbele na itoke kwenye sabufa pia. Akafungulia mziki, jipsam ya dari ikaanza kulia kama debe, jamaa anatabasamu, "unauona mzigo huo?" Kesho yake tunaweka muvi, hatusikii mtu anasema nini. Nampigia ananiambia risiva yako ndogo kaka, na vitu used ndivyo vilivyo. Angeishia hapo ningesamehe, ila hayo maneno alienda kuyarudia kijiweni, ikawa kila nikipita naulizwa "redio yako ya mtumba inaendeleaje". Hiyo iliniuma kuliko hela niliyomlipa, na sijifichi, mpaka leo inaniuma.

Ndio nikashusha manual kwenye simu nikaanza kusoma usiku usiku. Sitawachosha na hiyo safari, nawapa kilichotoka.

Sabufa ikizidi, maongezi yanapotea. Sio kwamba spika ya katikati ni mbovu. Besi ikikukera unashusha volyumu yote, na ukishusha yote sauti za watu nazo zinashuka, basi unabaki unapandisha na kushusha. Kwenye 5.1 karibu maongezi yote yanatoka kwenye ile spika ya katikati, kwa hiyo hiyo ndio iheshimiwe, itoe mbele ifike ukingo wa meza usiizike ndani ya shelfu, na kama iko chini ya TV iinue pua kidogo itazame masikio ya mtu aliyekaa. Na ile .1, mkondo wa LFE, yaani ule wa besi nzito za muvi, umetengenezwa uwe na nafasi ya desibeli 10 zaidi ya mikondo mingine. Hiyo nguvu ya ziada risiva inaijua tayari, sasa wewe na fundi wako mnaongeza yenu juu yake, mtabaki na nini?

Kingine, hilo neno Large halihusu ukubwa wa boksi! Ukiweka Small unaiambia risiva kwamba besi zote za chini ya krosova (ile namba inayogawa besi na sauti nyingine) zipeleke kwenye sabufa, spika ndogo zipumzike. Krosova weka 80 Hz, hicho ndicho kiwango wanachopendekeza THX, wale wa viwango vya sauti za sinema, na kwa sebule nyingi kinafanya kazi, na spika kama ni vidude vidogo vya kubandika ukutani panda 100 au 120. Ukishafanya hivyo hata amp inapumua, maana besi ndio inayokula nguvu. Ile risiva "ndogo" ilianza kuongea siku hiyo hiyo.

Sasa kwenye levo. Nyuma ya sabufa kuna vitu viwili vya kuzungusha, volyumu na krosova. Krosova ya sabufa peleka mwisho kabisa au kwenye LFE, kwa sababu kazi hiyo risiva inaifanya, mkifanya wawili mnakata besi mara mbili. Volyumu weka katikati au chini ya hapo kidogo. Halafu tumia ile maiki iliyokuja na risiva, ndio, ile watu wanaiacha kwenye boksi, risiva ipime spika zako na kujipangia levo yenyewe. Denon na Marantz nyingi wanaita Audyssey, Yamaha YPAO, Pioneer MCACC, kazi ni ile ile. Zima feni, toa watoto nje, maiki iweke kwenye tripodi usawa wa masikio, usiilaze juu ya mgongo wa kochi, na kwa Audyssey kipimo cha kwanza kiwe pale pale unapokaa wewe kwa sababu umbali na levo zinatoka hapo.

Ikimaliza usikimbilie kuweka muvi. Fungua ukurasa wa levo uangalie namba ya sabufa. Ukikuta -12 ujue risiva imeshusha mpaka imegonga chini, hapo rudi nyuma ya sabufa punguza, upime upya. Ukikuta -4, -6, hapo uko vizuri. Umbali wa sabufa ukisoma mita nne wakati unaona kabisa ni mbili na nusu, acha hivyo hivyo, inafidia ucheleweshaji wa umeme wa ndani ya sabufa yenyewe. Krosova ruksa kuipandisha juu ya ile iliyochagua, kuishusha hapana. Na kama imekuwekea spika za mbele Large, zirudishe Small, wala usiogope.

Kwenye volyumu kuu nako watu wananiuliza mbona inasoma -25, imeharibika? Haijaharibika, 0 ni sauti ya kiwango cha sinema na sebuleni kwetu huko hufiki bila mwenyekiti wa mtaa kugonga mlango.

Nyumba zetu ni tofali, marumaru na vioo vya aluminiamu, sauti inaruka ruka, kwa hiyo zulia na pazia zito vinasaidia kuliko spika mpya. Na sabufa usiitupe kwenye kona kwa sababu tu kona ilikuwa wazi, kona inavimbisha besi. Iweke juu ya kochi unapokaaga, piga mziki wenye besi, tambaa sakafuni kwenye sehemu zote inapoweza kukaa, pale utakaposikia besi imetulia na kila noti inasikika ndio pake. Mke wangu alicheka mpaka akanirekodi video. Sawa. Leo ndugu zake wakija ndio wanaomba waletewe muvi, na wawili kati ya wale wa kijiweni wameshaniita niende kuwapimia, nikaenda, na chai sikuomba.

Ukitaka besi zaidi kidogo baada ya kupima, ongeza desibeli mbili tatu kwenye levo ya sabufa ndani ya risiva, ile ya nyuma ya sabufa usiiguse tena. Halafu piga picha kila ukurasa wa menyu uhifadhi kwenye simu, kwa sababu shemeji atakuja wikiendi, atasema sabufa mbona haigongi, na wewe ukienda kununua soda atakuwa ameshainama nyuma yake.