Ufa wa 2016 umerudi chini ya rangi. Nihame?

SWALI: Shikamoo Mzee Fundi. Mimi ni mpangaji hapa Hamugembe, Bukoba, kwenye nyumba ya tofali za kuchoma iliyojengwa kabla sijazaliwa. Baada ya tetemeko la 2016 mwenye nyumba aliziba nyufa kwa lipu, akapaka rangi. Masika haya ufa mmoja umetokeza tena kwenye kona ya dirisha, unapanda mshazari hadi kwenye kenchi. Nihame, au ni lipu tu inabanduka? (Mama wa wawili, Bukoba)

JIBU: Marahaba mwanangu. Jumamosi ile, Septemba 10, 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri, ardhi ilitikisika kwa kipimo cha 5.9. Siku zilizofuata nilishinda mtaani kwenu nikisaidia majirani kuondoa vifusi. Kitu kimoja hakijanitoka kichwani: tofali zilikuwa nzima. Ukuta umelala chini, lakini tofali unaiokota haina hata mkwaruzo, na tope lililoziunganisha limebaki vumbi mkononi. Hata Ihungo na Nyakato, shule kongwe tulizoziona imara, ilibidi zifungwe.

Ukuta wa tofali zilizounganishwa kwa tope hubeba paa miaka 50 bila shida, kwa sababu uzito unashuka moja kwa moja. Tetemeko huusukuma kwa ubavu. Kama juu hakuna lenta ya zege na nondo inayozifunga kuta zote nne, kila ukuta unayumba kivyake na kona zinaachana. Ufa nao huanzia dirishani, maana hapo ukuta umekatwa.

Kwa hiyo ufa wako siuamini. Toka nje uangalie: kama unaonekana upande wa pili pia, si wa lipu. Kwangua kiungo kati ya tofali kwa msumari. Kikimwagika kama unga, ni tope, na mvua inayopenya ufani inazidi kulilegeza. Weka alama ya penseli kwenye ncha za ufa, andika tarehe pembeni. Ufa ukivuka alama, hama hata kama chumba utakachopata ni kidogo, mradi nyumba iwe na lenta.

Lakini usiku wa leo sogeza vitanda. Visiwe chini ya ufa, wala chini ya ule ukuta wa pembetatu unaofika kwenye kilele cha paa. Huo haushikiliwi na kitu juu, na nimeona nyingi zimeanguka huku kuta za pembeni zimesimama.

Mwenye nyumba mwambie kwa upole, ila mwambie. Lipu na rangi havikutengeneza ukuta, vilikunyima macho tu. Nyumba haihitaji kubomolewa yote. Abandue lipu, afunge wavu wa waya ndani na nje, uunganishwe kwa waya unaopita katikati ya ukuta, kisha apige lipu ya saruji. Siku akibadilisha mabati, amwage lenta kabla ya kurudisha kenchi. Tuko jirani na mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, na ardhi hii itatikisika tena. Kodi anayopokea kila mwezi inatosha kuanza na chumba chako.

Ukinitumia picha, piga ufa, halafu piga na kona ya juu pale kenchi inapokalia ukuta. Hiyo ya pili ndiyo nitakayoiangalia kwanza.