Maji ya bomba kwenye tangi la matumbawe

Ndugu yangu wa Tabata, umeuliza kama maji ya bomba yaliyolala kwenye ndoo usiku kucha yanafaa kwa matumbawe. Klorini hupungua kweli, hasa ukiweka pampu ya hewa. Lakini nitrati, fosfeti na shaba haviondoki kwa kulaza maji, na shaba hata kidogo tu huua kamba na konokono. Tafuta chujio la osmosi, yaani linalopitisha maji kwenye utando mwembamba sana, lenye resini mwishoni, zile chembe za kunasa madini yaliyobaki. Kipimo cha madini yaliyoyeyuka kwenye maji kikisoma 0 ndipo uchanganye chumvi ya matangi ya bahari, gramu 35 hivi kwa lita. Maji ya kisima achana nayo, mengi hapa Dar yana chumvichumvi. Na kwa joto letu hili, ukiona maji yameshuka kidole kimoja, jazia yaliyochujwa bila chumvi, maana chumvi haiondoki na mvuke.