Maswali yenu: Roboti anaweza kumwondoa mama shambani?

SWALI: Ndaga mhariri. Nasoma chuo hapa Mbeya ila nyumbani ni Tukuyu, mama yangu anachuma chai tangu mi sijazaliwa na ada yangu yote imetoka kwenye kikapu chake. Juzi nilimwonyesha klipu ya roboti anapiga sarakasi, akaniuliza hawa wakija huku kuchuma chai sisi tutakula wapi? Nikakosa jibu kabisa. – Binti wa Rungwe

JIBU: Ndaga fijo mdogo wangu, na mama mpe shikamoo yangu.

Mwambie kuchuma chai ni kugumu kuliko kupiga sarakasi, na hapo sitanii. Yule roboti anaruka kwenye sakafu ngumu iliyotulia, kazi kubwa ni kuujua mwili wake mwenyewe. Sasa mfikirie mama saa moja asubuhi, ukungu umeshuka, majani yana umande, kila kitu mbele yake ni kijani halafu anatafuta majani mawili na chipukizi katikati ya kijani, upepo unatikisa, na mikono yote miwili inafanya kazi kwa wakati mmoja bila kuponda jani wala kuvunja tawi, tena anasimama kwenye mteremko. Kidole chake kinajua jani laini na jani gumu kabla hata jicho halijaona. Kuupa mkono wa chuma hisia ya namna hiyo ndio mtihani mkubwa wa watafiti mpaka leo.

Na hawajaanza jana. Mwaka 1988 mtaalamu wa roboti Hans Moravec aliandika kwamba kuifanya kompyuta icheze drafti kama mtu mzima ni rahisi ukilinganisha na kuipa uwezo wa mtoto wa mwaka mmoja wa kuona na kutembea. Ikaja ikaonekana hivyo hivyo: mwaka 1997 kompyuta Deep Blue ilimfunga bingwa wa dunia wa chesi, Garry Kasparov, lakini pale mezani aliyekuwa anaisogezea kete ni binadamu. Mwaka 2010 watafiti wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, walimfundisha roboti kukunja taulo, akaweza, ila taulo moja ilimchukua zaidi ya dakika 20, kwa muda huo mama ameshamaliza mstari.

Kilichobadilika miaka hii ni namna ya kumfundisha. Zamani fundi alimwandikia roboti kila hatua, sasa anaonyeshwa mifano mingi mpaka ashike mwenyewe. Mwaka 2023 Google DeepMind walitoa RT-2, programu iliyojifunza kwa picha na maandishi ya intaneti pamoja na mienendo ya roboti halisi, kwa hiyo unaweza kumwambia aokote kitu ambacho hakufundishwa kukiokota na mara nyingine akapatia. Ni hatua kubwa, mi nilifurahi sana kuiona! Lakini ni mezani, ndani ya chumba, taa zinawaka, hakuna mvua ya Rungwe.

Sasa nikwambie kinachoninyima usingizi, maana sitaki mama ajipe moyo bure. Sio roboti. Ni ile mashine ya kukata inayobebwa na watu wawili, haina akili yoyote, inafyeka juu ya kichaka jani laini na jani gumu pamoja, ila kwa kilo za siku mkono hauioni ndani. Hiyo ipo tayari. Mama na wenzake waulize mapema: ikiletwa shambani kwetu nani atafundishwa kuiendesha, na jani safi la mkono litalipwa bei gani?

SWALI: Drone ya kupulizia dawa parachichi nayo ni roboti? – Njombe

JIBU: Inategemea. Kama mtu ameshika rimoti mwanzo mwisho, hapana. Kama unachora mipaka ya shamba kwenye simu halafu yenyewe inapaa, inafuata mistari na kurudi chaji ikipungua, hiyo ni roboti.

SWALI: Kamwene. Mi dereva wa lori, Dar–Tunduma. Gari lisilo na dereva litashuka Kitonga lini? – Dereva, Iringa

JIBU: Kamwene kaka. Mwaka 2004 Marekani waliyashindanisha magari ya kujiendesha kwenye jangwa la Mojave, njia ya kilomita kama 240, lililofika mbali zaidi halikumaliza hata 12. Mwaka uliofuata matano yakamaliza, la kwanza likiwa Stanley la Chuo Kikuu cha Stanford. Leo kuna miji huko watu wanapanda teksi isiyo na dereva, Phoenix wamefungua kwa wananchi tangu 2020. Ila hiyo miji imechorwa ramani mpaka ukingo wa barabara, na mistari inaonekana.

Kitonga wewe unashuka na gia nzito, kona imebana, na ukikuta matawi mabichi yametupwa barabarani unajua mbele kuna mwenzako ameharibikiwa. Kamera itayaona hayo matawi. Itajua ni takataka za kukwepa au ni onyo la lori lililokufa nyuma ya kona? Hilo mpaka mtu aifundishe, na wa kuifundisha ni nyie madereva wa njia hiyo, kwa hiyo vijana wa pale MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, wanaosomea mambo haya nawaomba wapande lori na wewe hata safari moja tu.