Nimejitolea kusaidia waliodhalilishwa, mtoto akiletwa kwangu nianze na lipi?

SUALI: Asalaam alaykum dada. Mie nakaa Wawi, Chake, nimeanza kujitolea shehiani kwetu kuwasaidia walofanyiwa udhalilishaji. Mtoto akiletwa kwangu usiku, nimuhoji kwanza nijue ukweli kabla ya kumpeleka popote? Na nguo zake nizifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam mdogo wangu, Allah akulipe kheri. Usimuhoji. Najua mama mtu atataka umuulize, lakini kuhoji kuna wenyewe, wewe wako ni kumsikiliza na kumfikisha. Mtoto akiulizwa na mama, akaulizwa na bibi, na mwalimu wa chuoni, na sheha, akifika polisi maneno yashaanza kupishana hata kama hajaongopa, na wakili wa mshtakiwa ataanzia hapohapo. Akisema mwache aseme, usimtajie mtu, usimwambie "ni fulani ee?". Ukipata nafasi usiku huohuo andika alichosema kwa maneno yake, hata yawe ya kitoto usiyasafishe, na saa uiandike, maana ukiwa wa mwanzo kuambiwa unaweza kuitwa shahidi.

Nguo zisifuliwe, na yeye asikoshwe kwanza. Kama keshabadilishwa tia kila nguo kwenye mfuko wake wa kaki, si wa nailoni, nailoni inaweka unyevu na ushahidi unaharibika. Wazee wetu kwa uchungu wanakimbilia kumkosha mtoto, usiwagombeze, na hata keshakoshwa mpeleke vilevile.

Mpeleke kituo cha Mkono kwa Mkono hospitali ya Chake (Unguja ipo Mnazi Mmoja), daktari, polisi na ustawi wa jamii wapo pamoja, hata PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda kwa daktari, mtaipatia huko. Usingoje kuche! Dawa za kukinga VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72 na kila ukichelewa nguvu inapungua, halafu zinanywewa siku 28, na wengine wanaziacha njiani kwa kichefuchefu, hapo ndo mtu kama wewe anahitajika, umpitie nyumbani umuulize leo kashakunywa?

Sasa muhali, yaani kuoneana haya kwa ujamaa na ujirani, na hili ndo linaloniumiza zaidi. Mtuhumiwa ni ami yake au jirani, watakuja watu wazima na kauli nzuri, tuyamalize nyumbani, tusimuaibishe mtoto. Kesi ya jinai ni ya serikali, si ya familia kuifuta, kwa hiyo kikao hicho usikikae hata wakubembeleze. Kaa na mama, mkumbushe tarehe ya mahakama, msaidie kutafuta nauli, panda nae daladala mwende pamoja, kwa sababu kesi nyingi zinakufa kwa mashahidi kutofika.

Jina la mtoto, skuli yake, picha yake, hakuna hata kimoja cha kutia kwenye grupu la WhatsApp, hata la ukoo. Ukikwama piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Na pita ofisi ya ustawi ya wilaya wakutambue na wakupe mafunzo, usiifanye kazi hii peke yako.