Barua kwa mwanangu: Bibi akiuliza Babu yuko wapi

Mwanangu, habari za Dar na wajukuu zangu. Mesej yako nimeisoma usiku nikaona hii siwezi kuijibu kwa mistari miwili. Umeuliza ukija kumuona Bibi kule kwa masista wanakomtunza akakuuliza tena Babu yuko wapi umjibu nini, maana mara ya mwisho ulimwambia Babu alishafariki akalia kama msiba umeingia siku ile ile, na wewe ukarudi Dar umevunjika moyo.

Usimwambie tena. Najua tumekulea useme kweli, lakini kila ukimwambia anafiwa upya, afu baada ya muda kidogo kashasahau ulichosema ila uchungu unabaki, anashinda mnyonge hajui hata analilia nini. Huu ugonjwa wake wa kusahau unaanza na kumbukumbu mpya, za zamani ndo zinachelewa kuondoka, ndo maana hajui asubuhi kala nini lakini anakusimulia Mwalimu Nyerere alivyokuja hapa Dodoma, Chamwino, kufyatua matofali na wanakijiji utadhani ni juzi. Sasa kwenye miaka hiyo Babu yuko hai, katoka tu na ng'ombe. Mimi akiniuliza namwambia, "Mama, akirudi utampikia nini?" Basi hapo anaanza, ugali wa uwele, mlenda, jinsi Babu yako alivyokuwa anasusa mboga ikizidi chumvi, anacheka mpaka anafuta machozi. Sijamdanganya kitu, nimemfuata alipo.

Usimuulize pia "Bibi unanikumbuka?" Hilo swali linamtesa sana, anajua anatakiwa kujua na jibu halioni. Ingia, inama, msalimie Kigogo, Mbukwenyi, ataitikia bila hata kufikiri, kisha taja jina lako useme ni mtoto wangu. Akikuita jina la shangazi yako we itika tu.

Na maneno ya ukoo kwamba tumemtupa yaache. Waliosema hayo hawakuwepo usiku ule tunamtafuta na tochi, tukamkuta pembezoni mwa barabara kuu peku, anasema anaenda kukinga maji. Pale kwa masista kuna geti, kuna mtu macho usiku kucha, mimi nalala.

Juzi nilimpelekea karanga kwenye ungo. Siku hizi hata kufunga kifungo kunamshinda lakini alipowekewa ungo mapajani vidole vikajua kazi, mbovu anatupa kushoto, nzima zinabaki, hakukosea hata moja, akawa anamgombeza na sista kwamba anachambua ovyo. Nilikaa pale nikamtazama, yaani ni mama yangu kabisa. Ukija kaa naye mchambue, siyo lazima muongee.

Panda treni ya SGR ya asubuhi mapema uwahi kumkuta yuko vizuri. Jioni jua likianza kushuka anahangaika, anafunga kanga zake kifurushi anataka kwenda kwao, saa hizo hata mimi ananiona mgeni, ikikukuta usibishane naye, tembea naye uani taratibu mpaka atulie.

Biskuti usilete, kumeza kunamsumbua siku hizi. Lete ndizi mbivu na mafuta ya nazi ya kupaka, upepo wa huku unamkausha ngozi sana. Ukikata tiketi nijulishe nije kukupokea stesheni.

Baba yako